Kambare Waliosusia Futari

Haya jamani, sogeeni hapa karibu. Atakayekaa mbali atasikia nusu, na nusu nyingine ataitunga mwenyewe, na hapa mtungaji ni mmoja tu. Mama wa chapati, punguza moto kidogo, moshi wako unaniliza kabla sijafika pa kulia. Na wewe unayecheka, nimesema nini? Weka hicho kicheko mfukoni, utakitafuta baadaye.

Nataka niwaambie jinsi kambare walivyotaka kunifukuza Kampala. Mafuriko ya Namuwongo yalijaribu, yakashindwa. Mwenye nyumba alijaribu, akachoka yeye. Kambare ndio walikaribia kabisa, tena bila kelele, kwa kukataa kula tu.

Mnanijua, mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu mwanajeshi, babu yangu mwanajeshi, na babu wa babu alitoka Sudan huko na bunduki ya Wazungu begani, akafika hapa, miguu ikakataa kuendelea, akaoa. Sisi ndio Wanubi. Ukiniuliza kijiji chetu kiko wapi nitakuonyesha bomba la maji la kambi, maana mama alishikwa na uchungu akiwa kwenye foleni ya maji na akakataa kuacha zamu yake. Nikazaliwa, ndoo ikajaa, tukaenda nyumbani sote watatu: mama, mimi na ndoo. Hivyo ndivyo alivyonisimulia, na mimi sijaongeza hata tone.

Mume wangu ni Mwacholi. Alikuwa polisi, sasa amestaafu. Mrefu yule! Akilala kitandani, miguu inalala kwa jirani. Alisilimu akanioa, na tulipotoka kambini tukapanga vyumba viwili hapa chini karibu na reli, yeye akapata kazi ya kulinda geti la maghorofa kule Bugolobi. Mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki tukamleta mama yake kutoka kaskazini aishi na sisi. Mama mkwe wangu ni Mkatoliki wa rozari shingoni, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia abadilike. Kiswahili chake alikiokota kwa marehemu mumewe, ambaye naye alikuwa askari, kwa hiyo kinatembea kama gwaride: kushoto, kulia, simama.

Basi mwaka ule watu wa maghorofa wakataka walinzi vijana. Mume wangu akarudi nyumbani na tochi yake, akaketi mlangoni. Aliketi pale hadi ngazi ikapata umbo lake. Mvua ikinyesha anatazama maji yanavyopanda, anainua miguu, yanapanda, anainua tena. Siku moja akasema, bila kunitazama, "Mama watoto, turudi nyumbani."

Nikacheka. Mimi nacheka hata jino likining'oka. Nikamwambia, "Nyumbani si hapa? Au maji yamekuziba macho?"

"Nyumbani kwetu," akasema. "Kuna ardhi ya baba. Mama anazeeka. Huku tunangoja nini, tubebwe na mfereji?"

Nilicheka mpaka akaondoka pale. Kisha nikaingia jikoni nikakaa juu ya gunia la makaa na kicheko kikaniisha. Yeye anakorudi kuna kaburi la baba yake, kuna ndugu, kuna lugha yake. Mimi kule nitakuwa mgeni mpaka nife. Nitasalimiwa vizuri, nitapewa kiti, na kila siku nitabaki yule mwanamke wa mjini aliyekuja na mumewe. Sina kijiji kingine cha kukimbilia. Kijiji changu ni hiki, pamoja na harufu yake.

Nikamwambia, nipe nafasi. Nipe kazi itakayotuweka hapa. Hapo ndipo kambare walipoingia, wale ambao Waganda wanawaita mmale. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho hata mbuzi walikikataa. Tukasimamisha nguzo za mkaratusi, tukapigilia mbao, tukatandika turubali kubwa, tukajaza maji. Tangi. Vifaranga nilivitoa Kawempe kwa mwanamke mmoja anayevizalisha. Vilikuwa vidogo, ukikohoa vinapotea. Nilivibeba ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki wenye maji, mapajani mwangu kama mtoto mgonjwa, na kila bodaboda iliporuka shimo nilisoma Fatiha.

Mume wangu akaweka mkono wake juu ya meza, kiwiko hadi ncha ya kidole. "Sikia," akasema. "Idd ikifika, nitolee samaki wa urefu huu. Akifika, nitajua hapa kuna kazi, tunabaki. Asipofika, tunafunga mizigo."

"Tupime kwa mkono wangu," nikamwambia.

"Wako huo kijiko."

Tukakubaliana hivyo, kwa mkono wake, ule unaofika Jinja.

Yule mwanamke wa Kawempe alinifundisha kulisha, akiniita nyabo, yaani bibie. "Nyabo, watu wengi wanadhani samaki ni mgeni, ukimwongeza chakula anafurahi. Hapana. Tupa konzi moja, simama, tazama. Wakiruka, tupa nyingine. Wakianza kuzungukazunguka kama mtu sokoni asiye na pesa, acha hapohapo, hata kama kopo bado limejaa. Chakula kinachobaki kinazama, kinaoza, maji yanaharibika, na samaki aliye kwenye maji mabaya hakui, anahangaika tu kupumua." Akaniambia pia kwamba kifaranga anakula kingi kuliko mwili wake unavyoonekana, lakini akikua kipimo kinashuka ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo niwe navua wachache na kuwapima kabla sijaamua.

Mimi shule niliiona nikipita barabarani, lakini hilo lilinikaa. Nilikuwa naazima mizani ya jirani anayeuza mukene, dagaa wa huku, navua kambare wachache kwa kikapu, nawapima, narudisha, kisha naamua makopo ya wiki. Jirani akasema mizani yake imeanza kunuka kambare. Nikamwambia, na mukene wako wananuka marashi?

Wakakua, jamani. Walijua nyayo zangu. Nikikohoa chumbani, maji yanachemka nyuma ya nyumba. Kuna mmoja mwenye sharubu ndefu alikuwa akinitazama kama mkaguzi wa polisi. Kila baada ya muda mume wangu anachukua mkubwa mmoja, anamlaza juu ya mkono wake, anamrudisha. Kuelekea Ramadhani walikuwa wametoka kiwiko wakafika kifundo cha mkono. Kilichobaki ni kiganja na vidole. Nilianza kuwaambia majirani kwamba mimi siendi popote.

Ramadhani ikaingia. Nikabadilisha saa za chakula chao. Nikishakula daku na kusali, nawapa. Magharibi ikikaribia, kabla sijapanga tende na uji wa futari, nawapa tena. Mchana siwagusi, jua kali na mimi sina nguvu ya kubeba hata kope. Nikamtania mama mkwe, "Mama, mwezi huu nyumba nzima imefunga, mpaka samaki."

Akanitazama. Akatazama tangi. Akafanya ishara ya msalaba. Nilidhani anafukuza nzi.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa anakula saa saba mchana, na hilo halikuwa na ubaya, dini yake ni yake. Anawasha sigiri yake ya makaa nyuma, anasonga posho, yaani ugali, anapika maharage yake au malakwang, yale majani yao machachu wanayotia karanga iliyosagwa. Harufu inapita dirishani inatutesa sote. Watoto wangu walimfuata siku ya kwanza wakasimama mlangoni na macho makubwa, na yeye akaona haya, akabeba sahani yake akaenda kukaa nyuma ya tangi tusimwone. Kila siku hivyo. Nikamwambia mume wangu, mama yako ana adabu, anatuhurumia. Akasema ndiyo, mama ni hivyo.

Sasa hapo ndipo kambare wangu waliposusia futari.

Jioni moja nikatupa konzi ya kwanza. Kimya. Mmoja akaja juu, akanusa, akageuka kama bibi harusi aliyeletewa kitenge kibaya. Nikangoja. Chakula kikalowa, kikavimba, kikazama. Nikasema labda wamechoka. Kesho yake ni hivyohivyo. Nikampigia yule mwanamke wa Kawempe. "Wameshiba, nyabo," akasema. "Punguza."

Nikapunguza. Wakakataa. Nikapunguza tena. Wakakataa. Nikapunguza mpaka nilichokuwa natupa ni kama chumvi ya yai, na bado kinabaki kinaelea. Sasa nielezeni: samaki hawali, lakini matumbo yao ya mviringo kama ngoma za arusi. Samaki hawali, lakini maji yananuka, yamekuwa mazito, ukisimamisha mwiko unasimama wenyewe. Asubuhi nawakuta wote juu, midomo nje, wanameza hewa. Kambare anajua kupumua hewa, hilo mnalijua, lakini hawa walikuwa wanapumua kama wapanda mlima. Nikabadilisha maji kwa ndoo mpaka mgongo ukawa upinde. Baada ya siku chache yamerudi uji.

Kisha wakaanza kufa. Wa kwanza nilimzika kimya kimya ili mume wangu asimwone. Wa pili nikamtupia paka, paka akamnusa, akaniangalia kwa huruma. Wakubwa wachache wakaanza kung'ata wadogo mikia. Jirani wa mukene akasema ni jicho la mtu. Mwingine akasema ni kile chakula cha dukani, wamechanganya mchanga. Mimi nikiwa na konzi yangu mkononi najiuliza, ninakosea wapi? Nikiwapa, hawali. Nisipowapa, wananenepa tumbo na hawarefuki. Hata saa ya futari akili iko tangini. Naweka tende mdomoni, nafikiria sharubu.

Mume wangu hakuninung'unikia. Ingekuwa afadhali. Siku moja alitoka, akarudi na kamba ya katani, mpya, ndefu, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango. Sikumwuliza ni ya nini. Magodoro yanafungwa na nini? Kila nikitoka naiona, kila nikiingia naiona. Nikawa natania watoto, "Mkiona ng'ombe wa hiyo kamba mniambie." Walicheka wao. Mimi nilikuwa nimeshahesabu moyoni vitu vya kuacha: kitanda hakitaingia kwenye basi, kabati halitaingia, jirani wa mukene hataingia.

Siku moja kabla ya Idd, mchana, mume wangu akakunja mkono wa shati. Nikaingiza kikapu tangini, nikatoa mkubwa kuliko wote, yule mkaguzi wa polisi. Akamlaza juu ya mkono wake. Watoto wakasogea. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake pembeni anachambua mchele wa Idd.

Mkia kiwikoni. Kichwa, kifundo cha mkono. Palepale alipokuwa kabla ya Ramadhani. Mwezi mzima hakuongeza hata ukucha! Nikamnyoosha. Nikamvuta sharubu. Nikamwambia mume wangu, "Sharubu nazo zihesabiwe, si zake?"

Hakucheka. Akaniweka samaki mkononi, akaingia ndani, akarudi na ile kamba.

Nikasema, basi niache nimwandae, tusimtupe. Nikakaa chini, nikachukua kisu, na jamani, ilikuwa kama najipasua mwenyewe. Nikafungua tumbo. Nikafungua na utumbo, maana nilitaka kujua ni ugonjwa gani ulionitoa mjini.

Posho.

Posho, vipande vyeupe, vingine bado vina alama ya vidole. Maharage mazima mazima. Na kitu cha kijani, laini, kimejikunja. Nikakinusa. Karanga. Nikanusa tena. Wallahi, malakwang! Na katika nyumba ile, na katika mtaa ule mzima, anayepika malakwang ni mmoja.

Sote tukamtazama mama mkwe. Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

Hasira ilinipanda kutoka kisigino. Niliona yote kwa mpigo mmoja: kwake ni kule, anataka kuzikwa karibu na mumewe, na amenishinda kimya kimya, kwa sahani. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya mkwe, "Mama, kama ulitaka kurudi nyumbani, si ungeniambia mimi? Kwa nini upitie kwa samaki?"

"Nyamaza," mume wangu akaniambia. Akachuchumaa mbele ya mama yake, magoti yake yakimfika masikioni. "Mama. Wewe ndiye uliyetaka turudi?"

"Kurudi wapi?" mama mkwe akauliza.

"Nyumbani. Kwa mzee."

"Nani alisema?"

Mume wangu akaangalia kamba iliyo mkononi mwake kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. "Mimi nafunga mizigo kwa ajili yako, Mama."

"Wewe uliniuliza siku gani?" Akaweka ungo chini. "Huko nyumbani, toka baba yako kufa, mimi nakula peke yangu asubuhi, nakula peke yangu jioni. Mwaka mzima! Chakula iko, mdomo iko, mtu hapana. Hapa nakula na nyinyi. Ni huu mwezi moja tu mnaniacha. Mimi naona haya, mtoto anaangalia sahani, naenda huko nyuma. Nakaa, natupa kidogo, samaki anakuja. Nakula, yeye nakula. Basi. Iko mtu."

Hapo nilipotaka kucheka nikashindwa, na nilipotaka kulia nikaona aibu, kwa hiyo nikashika kisu na kukwangua samaki ambaye hana magamba. Mwezi mzima tulijisifu kwamba ana adabu, anatuhurumia, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuketi naye. Mume wangu akabaki amechuchumaa. Halafu akasema polepole, "Mama, saa saba nitakuwa nakaa na wewe. Nikiwa nimefunga sitakula, lakini nitakaa."

"Usilalamike harufu," akasema mama mkwe.

"Sitalalamika."

Akasimama, akafika mbinguni, akaniangalia. "Kumbe samaki hawana kosa," akasema. "Wamekula daku, wamekula mchana, na futari wakaletewa. Hata mimi ningekataa kukua. Tumwage maji nusu leo, tuyaweke mapya, tusiwape kitu mpaka waanze kukutafuta wenyewe. Halafu mkono wa kulisha uwe mmoja."

"Na mizigo?" nikauliza.

Alizunguka tangi, akafika kwenye nguzo moja iliyokuwa imeanza kuinama kwa uzito wa maji, akaizungushia kamba, akavuta kwa nguvu zake zote, akaifunga fundo la kipolisi lile ambalo hata yeye hawezi kulifungua. Mkitoka hapa mzunguke mkaione, haijatoka pale mpaka leo.

Basi mimi, kwa kuwa sasa pumzi imerudi, nikageuka kwa mama mkwe. Hasira ilikuwa imekwisha, umebaki udadisi. Nikamwambia, "Lakini Mama, mimi ulikuwa unaniona. Alfajiri nawapa, magharibi nawapa. Ulijua kabisa wana chakula chao. Si ungetupa kidogo tu cha kuwaita? Sahani nzima ya nini?"

Mama mkwe akachukia kweli. Akashika rozari yake, akaiinua juu kama mtu anayeapa mahakamani.

"Samaki yako mimi sikugusa!" akasema. "Mimi nilipa chakula samaki ile ilikuja saa saba mchana. Wewe umeona Muislamu gani nakuja kukula saa saba mchana, Ramadhani? Hiyo ilikuwa Wakatoliki!"